Wino wa Mhuri

Musoma, Nyasho
11 Machi 1984

Kwa Binamu Masatu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mugeta pamoja na shemeji Dafroza, na kwamba mvua zimeanza bila kuvunja kitu. Sisi hapa tunaendelea. Mama mgongo unamsumbua akiinama, lakini sala za jumuiya hakosi. Eliasi, mtoto wa baba mkubwa, bado analala chumba cha uani na bado anatafuta kazi. Kila asubuhi anaipiga pasi suruali yake ileile na kutoka kama mtu anayesubiriwa mahali. Mdogo wangu Dorotea yupo kwenye cherehani ya Mama, ila siku hizi anashona viraka tu, maana vitambaa hakuna. Amenisimamia hapa niandike maneno yake kama yalivyo: "Mwambie huyo mwalimu chaki zikimwishia alime mihogo, asiwape watu wazima majini ya karatasi."

Aliniuliza mchezo gani huo usio na ubao wala kete. Nikamwambia: Masatu anasimulia nchi isiyokuwepo, mimi nasema mtu wangu anafanya nini humo, kisha Masatu anarusha dadu kuona kama nimefaulu, ananijibu kwa posta. Akacheka mpaka uzi ukakatika. "Kwa hiyo umekuwa karani mchana kutwa, jioni unajifanya nani?" Nikamwambia mtu wangu naye ni karani. Hapo ndipo alipotoka nje kabisa.

Kazini hali ni ileile. Ghala la kugawia bidhaa linanuka sukari na halina sukari. Tangu mwaka jana walipomchukua mtunza ghala wetu kwa kosa la uhujumu uchumi, mimi kila karatasi naisoma mara mbili kabla ya kutia sahihi. Mzee alirudi, ila sasa ukimsalimia anaangalia kwanza mikono yako.

Sasa mchezo. Nashukuru dadu ilinihurumia katika kaburi la Mfalme wa Chini. Lakini Binamu, ule Mhuri niliouokota humo umeniogopesha. Umeandika: "Chochote mwenye mhuri atakachokiandika na kukigongea, kitakuwa." Basi? Hakuna neno jingine? Unakumbuka mkuki wa Alfonce. Tulikuwaga watatu pale sekondari, yule mwalimu wa kujitolea alipotuachia boksi la mchezo na dadu zake za nyuso nyingi akarudi kwao. Alfonce akapata mkuki usiokosa. Kabla muhula haujaisha hapakuwa na joka lililobaki, wala mtu mwenye hamu ya kucheza. Mkuki ule uliua majoka, kisha ukatuua na sisi.

Tafadhali weka kitu upande wa pili wa mizani. Afadhali mhuri unigharimu. Cha bure mimi sikiamini.

Nisalimie Bibi ukifika Butiama. Mpe shikamoo yangu mkononi.

Ni mimi ndugu yako,
Felisian


Mugeta, Bunda
2 Aprili 1984

Kwa Bwana Karani, mlinzi wa ghala tupu,

Tumesikia salamu zenu na tumezigawana. Dafroza mzima, ila ameanza kuchukia harufu ya samaki. Wewe bado kijana, muulize Mama yako maana yake. Bibi amepata habari kabla yetu. Ameshaanza kuyapanga majina ya marehemu kama mtu anayepanga viti vya harusi. Unamjua: anasema mtoto wa ukoo huu halii njaa, analilia jina. Anatolea mfano dada yako Dorotea, alivyolia tangu kuzaliwa, wakamwita huyu na yule, mpaka Bibi alipotamka Nyangi, jina la mama yake, mtoto akanyamaza kama redio iliyoishiwa betri. Mpe Dorotea salamu. Mwambie chaki zimeshaisha, na mihogo nimelima.

Umesema kweli kuhusu mhuri. Nilikupa kwa kukuonea huruma, na mwamuzi wa mchezo akianza huruma basi tena. Kitu chenye nguvu kisichozuiwa na kitu ni kama huyu sangara waliyemtia ziwani. Kila mtu anafurahi, mnofu mkubwa. Lakini furu, wale samaki wetu wadogo, umewaona wapi mwaka huu? Watoto wangu wa darasa la pili nimewachorea furu ubaoni, wakaniuliza ni mnyama gani.

Nilifikiria kuupa mhuri idadi, ugonge kiasi fulani kisha ufe. Lakini wewe mwoga ungeuficha mfukoni mpaka uzeeke nao. Nikafikiria dadu, ikiangukia moja mkono ukauke. Hiyo ni kamari, si mizani. Nimeamua hivi: mhuri hauna wino. Wino wake ni majina. Kila unapogonga, jina moja linatoka katika salamu za nyumba ya mtu wako. Kwetu ukimruka mtu katika salamu za barua umemtukana. Katika nchi yetu ya karatasi, aliyerukwa hayupo na hakuwahi kuwepo. Nani anachukuliwa, mhuri wenyewe unachagua.

Hapo sasa utafikiri kabla ya kugonga. Na kama kila kitu nilichowahi kukitengeneza, upo mlango wa kutokea. Sikuambii uko wapi. Mchezaji hapewi ufunguo na mwamuzi.

Nitumie majina ya watu wa nyumba ya karani wako. Mpaka leo umemwacha mpweke kama nguzo ya simu.

Wako mtani,
Masatu


Musoma, Nyasho
29 Aprili 1984

Kwa Binamu Masatu,

Salamu kutoka kwetu sote. Mama amefurahi sana kuhusu samaki wa shemeji, amesema nisiulize maswali. Dorotea anasema mihogo yako lazima imeota michungu kama utani wako. Eliasi amepata kibarua cha kupakua gari la pamba, amerudi na mabega yamechubuka, anatutambia kama ametoka vitani.

Kanuni ya mhuri nimeikubali. Ni nzito, na ndivyo nilivyotaka. Kuhusu majina, nilikaa na kalamu na sikupata hata moja. Unajua mimi sina kipaji cha kubuni, na karatasi yenyewe ni mgongo wa fomu iliyoharibika. Basi tumia ya hapa nyumbani: Mama, Dorotea na Eliasi. Itanirahisishia kukumbuka.

Hatua yangu ni hii. Mtu wangu amefika lango la mji, na walinzi hawafungui mpaka wapewe sukari. Amekaa chini, ameandika kibali: Sukari, nusu gunia. Ameugonga mhuri. Rusha dadu unijibu.

Nasubiri kwa hamu.
Felisian

Nimefungua tena bahasha ili nikuongezee haya. Leo Mama ameniita jikoni. Kuna nusu gunia la sukari nyuma ya mtungi. Juu yake kuna karatasi yenye duara la mhuri, rangi ya tope la ziwa, halina maandishi ndani. Hakuna risiti. Nimeuliza jirani, hakuna aliyeona gari. Binamu, sukari ya nusu gunia nyumbani kwa karani wa ghala! Wakija nitasema nini? Nimeifunika kwa kanga. Dorotea anasema nimshukuru Mungu na nifunge mdomo, na kwamba tuiweke chumba cha uani, kwa kuwa chumba chenyewe kimekaa bure miaka yote. Mama na Dorotea wanakusalimu. Ndio sisi wote.


Musoma, Nyasho
3 Juni 1984

Kwa Binamu Masatu,

Sijapata jibu lako, nasikia mto umekata barabara. Natumaini shemeji anaendelea vizuri. Huku Mama na Dorotea wazima.

Sukari haijaleta askari. Mama aliigawia jumuiya kwa vikombe, wakasema rozari ya shukrani, mimi nikiwa mlangoni naangalia njia. Jambo jingine dogo: chumba cha uani tumekuta kandambili za mwanamume, kubwa kuliko mguu wangu, zimelika kisigino cha kushoto. Na suruali moja iliyopigwa pasi, mkunjo mkali kama wembe. Hakuna mwenyewe. Mama akipakua ugali anachota sahani ya nne, anaishika, anaiangalia, anairudisha. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Mkono tu, baba. Mkono una mazoea yake."

Nimekuwa nikiuwaza mhuri. Najua utacheka. Dorotea amealikwa kusimamia harusi ya rafiki yake, na gauni lake la pekee lina viraka vya rangi tatu. Jana alilinyoosha mezani akasema, "Hili nikilivaa, padre atanipa sadaka badala ya mimi kutoa." Alicheka, halafu akaendelea kulinyoosha muda mrefu. Huyu ndiye aliyeacha shule ili mimi nisome, na hajawahi kunikumbusha.

Kwa hiyo hatua yangu ya pili, bila kusubiri dadu: karani wangu ameandika kibali, Kitambaa cha gauni, cheupe chenye maua ya njano. Ameugonga. Ni mchezo tu. Ile sukari lazima ina maelezo yake.

Naendelea Jumatatu, baada ya kazi.

Kitambaa kipo. Nilikikuta kwenye cherehani, kimeshakatwa na nusu kimeshonwa: gauni la msichana, upande mmoja una mkono na mwingine bado. Sindano imezama ndani ya kitambaa, na mguu wa cherehani ulikuwa bado unatikisika kidogo. Karatasi yenye lile duara imeanguka chini. Mama alikuja akasimama nyuma yangu.

"Nani alikuwa anashona hii?"

"Si wewe, Mama?"

"Mimi nishone na macho haya? Tundu la sindano silioni mwaka wa ngapi."

Tumekaa tukiliangalia gauni. Nyumba hii ni kubwa mno kwa watu wawili, sijui kwa nini hatujawahi kuhama.

Mama anakusalimu. Ndio sisi wote.
Felisian


Mugeta, Bunda
10 Juni 1984

Kwa Bwana Karani,

Barua yako ya Aprili ndiyo kwanza imefika, imelowa, imekauka, imelowa tena. Dafroza mzima na tumbo linajieleza lenyewe sasa. Bibi wa Butiama anakuitikia: marahaba, na uoe.

Umenitania kuhusu sukari, na utani ni mzuri, umenichekesha. Lakini nimerudi kuisoma nikaacha kucheka. Juu ya barua Eliasi amerudi na mabega yamechubuka. Chini ya barua Eliasi hayupo, na "ndio sisi wote". Mmegombana? Na hicho chumba "kilichokaa bure miaka yote", mimi nimelala humo Krismasi hii iliyopita, Eliasi akinipiga mateke kama punda anayeota.

Kama ni utani, nijibu kwamba ni utani. Kama sio, usigonge tena. Usigonge chochote, hata kwa kucheza, mpaka upate barua yangu nyingine. Namtuma dereva wa lori la pamba ili posta isichelewe.

Masatu


Mugeta, Bunda
24 Juni 1984

Felisian,

Nimepata yako ya tarehe tatu. Zilipishana njiani. Sina salamu leo.

Dorotea yuko wapi?

Masatu


Musoma, Nyasho
15 Julai 1984

Kwa Binamu Masatu,

Natumaini hujambo na shemeji hajambo. Mama yupo, ila chakula hali vizuri. Mimi nipo.

Barua yako fupi imenitisha kuliko ndefu. Nimeyachukua maneno yako kama ninavyochukua hati yoyote kazini, nikayakagua. Umeniuliza Dorotea yuko wapi. Binamu, nisamehe: Dorotea ni nani? Jina nalisoma, herufi naziona, nikigeuza ukurasa zinatoka kichwani kama maji kwenye chekeche. Nimeliandika kwa kalamu kiganjani ili niweze kukujibu. Eliasi vilevile, yuko kiganja cha pili.

Nilimuuliza Mama: "Mama, umezaa wangapi?"

Akafungua mdomo kujibu haraka, kama mtu anayejua. Mdomo ukabaki wazi. Kisha akasema, "Wewe tu, baba," akakaa chini palepale kwenye ngazi. Tangu siku hiyo analia. Anapika analia, anafagia analia, nikimuuliza anamlilia nani anasema hajui. Wanawake wa jumuiya walikuja kumpa pole, wakamuuliza amefiwa na nani, akawajibu hana aliyefiwa naye. Wakaangaliana. Mmoja alimwambia, "Kilio kisicho na jina hatuwezi kukaa nacho matanga, mama." Wakaondoka mapema.

Gauni nimelipima. Halimwenei Mama, halimwenei mtu yeyote ninayemjua. Mabega membamba, kiuno cha mtu anayekaa sana kwenye cherehani. Nani alipimwa? Mtu hakati kitambaa bila mwili.

Mhuri sijaugusa, na sitaugusa. Nikikosea tena amebaki Mama tu. Wewe ndiye mwamuzi. Ondoa kanuni uliyoiweka.

Felisian


Mugeta, Bunda
2 Septemba 1984

Kwa ndugu yangu Felisian,

Dafroza anakusalimu. Nimekaa kimya kwa sababu nilikuwa najaribu.

Nimeifuta kanuni. Nimeandika nyingine, kwamba mhuri umepasuka, kwamba haujawahi kupatikana, kwamba mtu wako aliingia kaburini akatoka mikono mitupu. Nimechoma karatasi za kwanza. Nilimtuma mwalimu mwenzangu aliyekuwa anakuja Musoma apite kwenu bila kuwaambia kitu. Amerudi akasema ameona kijana na mama yake, na cherehani yenye vumbi.

Nimekwenda Butiama. Nilimwambia Bibi, "Dorotea wetu, yule uliyempa jina la mama yako." Bibi akaniangalia kwa huruma. "Mjukuu wangu, jina la mama yangu halijapata mtoto mpaka leo. Linanisumbua. Namuomba Mungu mtoto wako awe wa kike, niliweke mahali." Felisian, ni Bibi huyu huyu anayejua majina ya ng'ombe wa mahari yake.

Nimebaki mimi. Labda kwa kuwa mimi ndiye niliyeandika kanuni. Lakini juzi nilipotaka kumsimulia Dafroza jinsi nilivyomfundisha yule msichana kupanda baiskeli, nikafika kwenye jina nikasimama. Lilichelewa kuja. Lilikuja, ila lilichelewa. Siku litakapokosa kuja, atakuwa hayuko popote.

Utaniuliza mlango. Upo. Nilikwambia upo. Sitakuambia, na usiutafute. Niliutengeneza kwa ajili ya mtu wa karatasi, si kwa ajili yako. Nitakuja Krismasi, tukae tufikiri kama wakati ule wa boksi. Mpaka hapo usishike kalamu.

Nakuomba kama ndugu, si kama mtani.
Masatu


Musoma, Nyasho
18 Novemba 1984

Kwa Binamu yangu mpenzi Masatu,

Nakusalimu sana, wewe na shemeji Dafroza. Siku zake lazima zimekaribia, Mungu amsimamie. Nampa Bibi shikamoo. Mama hajambo kwa mwili.

Wiki iliyopita nilitumwa Bunda na ofisi. Binamu, umeyaona maduka? Tangu waruhusu watu kuleta bidhaa wenyewe, sabuni zimepangwa kama matofali, sukari ipo wazi kwenye magunia na nzi wanaichezea. Na sokoni, kwenye kamba ndefu iliyofungwa kati ya nguzo mbili, kimetundikwa kile kitambaa. Cheupe, maua ya njano. Si kinachofanana nacho, ni chenyewe, jora zima. Muuzaji akasema, "Kaka, mchukulie dada yako, bei ya kuelewana." Nikasimama pale. Watu wakawa wananipita. Hakuna aliyekuwa anatoa jina la mtu ili akipate. Ilikuwa ni kungoja tu, Binamu. Ningengoja kidogo.

Nilirudi nikamkuta Mama amelipakata lile gauni lenye mkono mmoja. Hulitoa kila siku mchana, hulinusa, hulikunja. Safari hii aliniuliza, "Felisian, wewe umesoma. Kuna ugonjwa wa kumkumbuka mtu usiyemjua?" Shule yote ile, na hilo hatukufundishwa.

Umekataa kuniambia mlango, na kwa kukataa kwako nimeujua. Mimi nimecheza nawe tangu utoto wa akili. Kila kitu ulichotengeneza, mlango wake ulikuwa kwa mwenye kitu, na ulifunguka kwa kile ambacho hakuna mwingine angeweza kukitoa. Mkuki wa Alfonce ungevunjika kama angeuelekeza kwake, ila hakuthubutu, na sisi hatukuthubutu kumwambia. Mhuri unakula majina ya nyumba ya mwenye mhuri. Jina moja la nyumba hii hatukuliweka katika orodha niliyokutumia, kwa sababu mtu hajisalimii mwenyewe. Nikilitoa mwenyewe, mhuri hautakuwa na la kuchagua.

Usijilaumu. Mimi ndiye niliyeomba mizani, na ni mimi niliyekupa majina ya watu wa kweli kwa uvivu wa kubuni. Mizani yako ni sawa. Uzani niliuweka vibaya mimi.

Unanijua mimi ni mwoga. Hata sasa nimekatakata maneno, utaona mwandiko. Nilidhani ningefanya jambo kama hili kwa sababu ya upendo, lakini namna gani nimpende nisiyemjua? Nimetazama kiganjani, nimesoma Dorotea, na sikusikia kitu. Nafanya kwa sababu Mama anamlilia mtu, na mtu huyo ana mabega membamba, na alikuwa katikati ya kushona mkono wa pili.

Akirudi, mnisaidie kumwambia kitambaa hakikuwa cha wizi.

Nawasalimu kwa majina: Mama Getruda. Eliasi, nisiyemjua. Dorotea, nisiyemjua. Masatu. Dafroza. Bibi. Mtoto ajaye.

Hatua yangu ya mwisho. Karani ameandika kibali: Warudi. Hakutafuta wino mwingine. Amegonga.

Felisian


Mugeta, Bunda
6 Januari 1985

Kwa Binamu Dorotea, fundi wa viraka,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa shangazi Getruda. Nimefurahi kusikia mgongo wake umepata nafuu na kwamba anaimba tena jikoni. Mpe Eliasi pongezi za kazi ya kudumu. Sasa anunue suruali ya pili. Na gauni la harusi ulilonisimulia, lenye maua ya njano, Dafroza ameuliza ulipata wapi kitambaa mapema vile. Umejibu hukumbuki. Haya, siri ya wanawake.

Dafroza amejifungua salama mwishoni mwa Novemba, mtoto wa kiume. Tumechelewa kuwaandikia kwa sababu ya kilio. Dorotea, mtoto huyu amelia. Si njaa, si tumbo. Zahanati wamemwangalia wamechoka. Bibi akaja kutoka Butiama na marehemu wake wote. Akawataja mmoja mmoja, wa kuumeni na wa kukeni, mpaka wale wa zamani ambao ni yeye tu anayewajua. Mtoto akazidi. Bibi akakaa chini, akasema, "Anayelilia jina lake kwa huyu mtoto, mimi simjui. Na mimi nawajua wote."

Sasa nikueleze jambo, labda wewe utalifumbua. Katika sanduku langu la vitabu nimekuta barua, zimetoka Nyasho, nyumba yenu hasa, kwa mwandiko mzuri wa mtu wa ofisini. Zinanisalimia kwa jina na kuniita Binamu. Zinazungumzia ule mchezo wa dadu niliocheza sekondari na Alfonce. Mimi nakumbuka tulikuwaga wawili, ingawa mchezo ule, nikifikiri, haukuwa wa watu wawili. Ya mwisho ina maneno mengi yaliyokatwakatwa na chini yake kuna duara la rangi ya tope. Nimeisoma, na nimelia, na sikujua namlilia nani.

Nilikuwa nimeishika nikiwa na mtoto begani. Nilifika mwisho nikaisoma sahihi kwa sauti, kama mtu anavyosoma tu: "Felisian."

Akanyamaza. Akageuza kichwa, Dorotea, kuniangalia, kama mtu aliyeitwa kutoka mbali akaitika.

Bibi aliinuka. "Rudia." Nikarudia. Mtoto akashusha pumzi ndefu akalala.

"Huyo ni nani katika ukoo?" Bibi akaniuliza.

"Simjui, Bibi."

"Basi mwenyewe amekuja kujitambulisha. Mwandikeni."

Amebatizwa hivyo siku ya Noeli. Ni mtoto mpole. Hashtuki kwa ngurumo, ila ukiacha kumtaja muda mrefu anatazama mlango.

Hapo kwenu uliza majirani kama paliwahi kuwa na karani. Kama hakuna anayejua, basi. Lakini ukiniandikia nakuomba jambo moja: katika salamu zako, hata ukiwa na haraka, hata karatasi ikiwa ndogo, anza na yeye.

Felisian anawasalimu wote.

Ndugu yenu,
Masatu